Kufundisha kwa Mashine Iliyolala

Ndugu mwalimu mwanafunzi, ukipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo karibu na mwalo, iwe upande wa Guta, Kibara au Kisorya, usishangae kukuta katika ghala la shule, au nyuma ya nyumba ya mzazi, mashine ya mtumbwi iliyofunikwa gunia. Huenda imelala miaka mitatu, huenda kumi. Mwenyewe alinunua nyingine, au alikosa fedha ya petroli, au alifariki na warithi wake hawajaelewana. Aghalabu walimu huipita kama wanavyolipita jiwe. Makala haya yanakusudia kukuonyesha kwamba mashine hiyo ni zana ya kufundishia sayansi ambayo hakuna duka litakalokuuzia, ila kwa sharti moja: kamba ya kuwashia ivutwe mwisho kabisa.

Nalisisitiza sharti hilo kwa sababu niliwahi kulivunja.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha katika shule moja ya msingi kando ya Ghuba ya Speke. Mzazi mmoja, mvuvi wa dagaa, alitukopesha mashine yake ya nguvu za farasi 15 iliyokuwa imelala misimu kadhaa, kwa makubaliano kwamba tukiiamsha ataichukua. Niliifunga kwenye ubao mnene mbele ya Darasa la Sita, nikatia petroli mpya iliyochanganywa na oili, nikabadili plagi, nikavuta kamba. Mara ya saba au ya nane ikanguruma. Wanafunzi walipiga makofi, nami nikaiacha ingurume karibu dakika mbili ili shule nzima isikie. Jioni nikaandika katika andalio langu kwamba lengo la somo limefikiwa.

Mashine ile ilinguruma hewani, bila tone la maji. Katika mguu wake, juu kidogo ya giaboksi, mna pampu ndogo yenye gurudumu la mapezi ya mpira, liitwalo impela. Kazi yake ni kuvuta maji ya ziwa na kuyapandisha yazunguke silinda na kuipoza. Maji hayo hayo ndiyo yanayoulainisha mpira usisuguane na kuta za pampu. Pampu ikizunguka kavu, mapezi huungua kwa muda mfupi mno. Mimi niliyaunguza mbele ya watoto, wakanishangilia.

Siku chache baadaye mzee alitoka nayo ziwani. Ulikuwa usiku wa giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa wakati mwezi haupo, kwa hiyo hakuona kwamba kile kitundu cha nyuma hakitoi maji. Mbali na nchi kavu pistoni ikakwama ndani ya silinda. Yeye na mwanawe, aliyekuwa mwanafunzi wangu, walikuwa na kafi moja tu, na upepo uliwasukuma hadi alfajiri, walipookotwa na mtumbwi mwingine uliokuwa ukirudi. Nilipokwenda kuomba radhi nilimwamkia, akaitika, akanipa kiti. Kisha akasema kwa utulivu, “Mwalimu, mwanangu ameniambia somo lilikuwa zuri sana. Nimemwuliza mmejifunza nini, akasema mlipiga makofi.”

Nimekaguliwa mara nyingi tangu hapo, lakini sijapata kukaguliwa namna ile.

Kosa langu la kifundi ni dhahiri. Kosa la ualimu halionekani upesi, nalo ndilo linalotuhusu hapa. Niliwaonyesha watoto tokeo pasipo kuwaonyesha chanzo. Mashine ilipowaka, hakuna aliyejua kwa nini imewaka, wala kwa nini hapo awali ilikuwa haiwaki, hata mimi mwenyewe. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967 alilalamikia elimu inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote hutoka vitabuni. Shule nyingi zilimwitikia kwa kulima shamba, jambo jema, ingawa mara nyingi jembe liliingia shuleni na swali likabaki nje. Kuleta mashine darasani si dawa kama swali halikuletwa pamoja nayo.

Tuanze basi na swali. Miaka kadhaa baada ya tukio hilo nilirudia somo hilo nikiwa mkufunzi, pamoja na walimu wanafunzi watatu, katika shule nyingine ya mwaloni. Mashine ilikuwa mezani, imefungwa gunia lake. Mmoja wa walimu wanafunzi aliuliza hivi: “Siku mashine hii ilipowekwa ilikuwa nzima. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Kwa nini leo isiwake?”

Tazama nguvu ya swali hilo. Halimtaki mtoto ataje sehemu za mashine. Linamtaka afikiri wakati unafanya nini kwa kitu kilichotulia. Majibu yalikuja kwa wingi, na mengi yalikuwa sahihi kuliko nilivyotazamia: kutu, mafuta yamekufa, mpira umekauka, panya wamekula nyaya, nyigu wamejenga. Mwalimu aliyaandika yote ubaoni bila kusema hili ndiyo na lile siyo, kisha mbele ya kila jibu akaandika neno moja: Tutajuaje? Saa tatu za masomo yaliyofuata, zilizogawanywa katika siku tatu, zilikuwa ni kulijibu neno hilo.

Usiharakishe hapa. Mwalimu mgeni hupenda kufika kwenye spana. Lakini ukiwaruhusu wanafunzi wafungue kitu kabla hawajasema wanatazamia kukuta nini, hawatakuwa wanachunguza, watakuwa wanabomoa. Kanuni yetu ilikuwa kwamba hakuna skrubu inayofunguliwa mpaka kikundi kiseme kwa sauti, “Kama tunayodhani ni kweli, tutaona hivi.”

Kwanza tulishughulikia mafuta. Petroli iliyobaki ndani ya kabureta kwa miaka huvukiza sehemu zake nyepesi na kuacha utando unaonata kama utomvu wa mti, wenye harufu kali isiyo ya petroli mpya. Utando huo huziba vitundu vyembamba ambavyo mafuta hupitia. Mashine za mtumbwi nyingi za zamani hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na petroli inapoondoka oili hubaki, ndiyo maana uchafu huwa mzito zaidi. Mwalimu mwenyewe alilifungua bakuli la kabureta, nje, mbali na moto, na wanafunzi wakautazama utando. Kijana mmoja alitaka kuchokoa kitundu kwa waya. Hapo simama ueleze: kitundu kile kimepimwa kiwandani, na waya ukikipanua kidogo tu, mashine itakunywa mafuta kupita kiasi siku zote. Husafishwa kwa petroli safi na kwa kupulizwa kwa pampu ya baiskeli.

Mara nyingi petroli inunuliwayo kwa chupa huwa na maji. Jambo hilo lafaa kuonyeshwa, lakini usiwape watoto petroli. Wape chupa ya kioo, mafuta ya kupikia na maji. Watikise, waiweke chini, wangoje. Wataona maji yakijitenga na kukaa chini, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Kisha uliza mpira wa tangi la mtumbwi huvuta kutoka wapi, juu au chini? Katika darasa letu pakawa kimya kwanza, halafu binti mmoja aliyeketi nyuma akasema kwamba ndiyo sababu baba yake humwaga mafuta ya mwisho ya tangi badala ya kuyatumia. Alikuwa ameliona jambo hilo miaka yote bila kuelezwa sababu yake.

Hesabu nayo haiko mbali. Mashine nyingi za aina hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, ingawa lazima kibao au kitabu cha mashine yenyewe kisomwe, kwa kuwa nyingine hutofautiana. Kwa tangi la lita 25, basi, oili ni nusu lita. Watoto waliulizwa kitakachotokea kwa anayepunguza oili ili kuokoa fedha. Oili hiyo ndiyo pekee inayoilainisha pistoni, kwa sababu mashine hizi hazina hodhi la oili kama gari. Na anayeongeza kupita kiasi? Moshi, plagi kuwa nyeusi, na utando wa rangi rangi juu ya maji.

Kuhusu cheche nitasema machache, maana vitabu vya sayansi vimeeleza umeme vya kutosha. Pita kwa mafundi wa bodaboda mjini Bunda uwaombe plagi walizotupa. Watakupa bure, tena kwa kicheko. Ukiwa nazo ishirini, kila kikundi kinaweza kuzipanga kwa rangi: zenye masizi makavu, zilizolowa oili, na zile za kahawia hafifu ambazo zilikuwa zikifanya kazi vizuri. Kujaribu cheche kwenye mashine ni kazi ya mwalimu au fundi peke yake, ncha ya plagi ikiwa imegusishwa kwenye chuma cha mashine, na mafuta yakiwa mbali kabisa. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini hushika moto kwa cheche hiyo hiyo tunayoitafuta.

Silinda ndiyo ilinifundisha uvumilivu. Mashine iliyolala inaweza kuwa na ringi za pistoni zilizoshikana na kuta kwa kutu nyembamba. Mwenye pupa huvuta kamba kwa nguvu zote, na ringi hukatika. Sisi tuliondoa plagi, tukamimina vijiko viwili vya oili katika tundu lake, tukaiacha mpaka kesho yake. Watoto hawakupenda. Walikuja asubuhi mapema kuchungulia dirishani. Kisha flaiwili ikazungushwa kwa mkono, polepole, kwa upande ule ule ambao kamba huivuta, robo mzunguko, ikakwama, nusu, ikakwama, halafu mzunguko mzima. Mwanafunzi mmoja mmoja aliruhusiwa kuweka kidole gumba juu ya tundu la plagi, waya wa plagi ukiwa umeondolewa, ahisi hewa inavyokisukuma kidole. Neno “mgandamizo” lilikuwa ubaoni tangu wiki iliyotangulia, lakini nadhani liliingia vichwani kwa njia ya kidole.

Sasa maji. Tulifika hapa tukiwa na uangalifu wa pekee, na niliwasimulia watoto habari ya yule mzee, bila kuficha kosa langu. Mguu wa mashine ulifunguliwa, impela ikatolewa. Mapezi yake yalikuwa yamepinda upande mmoja na kukakamaa. Mpira uliokunjwa mahali pamoja miaka mingi hausahau umbo hilo. Impela ikiwa hivyo hubadilishwa, haitengenezwi. Na kama fedha ya mpya haipo, somo liishie hapo na mashine isiende ziwani. Mwenye mashine yetu alikubali kununua mpya, nasi tulingoja hadi iletwe kutoka Mwanza.

Lakini kulikuwa na jingine. Tulipoingiza maji kwa chupa kupitia njia yake, hayakutokea kwenye kile kitundu cha nyuma. Mtoto mmoja alipaza sauti, “Mwalimu, haikojoi!” Darasa likacheka, mwalimu mwanafunzi akataka kumkaripia. Nilimzuia. Kwa tamko lile mtoto alieleza ugonjwa kwa usahihi kuliko ambavyo ningeuandika mimi, na mwalimu asione haya kuanza na lugha ya mwaloni kabla ya kufika kwenye lugha ya kitabu. Chanzo kilikuwa kile alichokitaja mwenzake siku ya kwanza: nyigu alikuwa amejenga kwa udongo ndani ya kitundu. Ubaoni, mbele ya neno “nyigu”, pale palipoandikwa Tutajuaje?, yule aliyelisema alikwenda mwenyewe kuweka alama.

Walimu wa pwani wataongeza hapa habari ya chumvi, ambayo hula njia za maji na kuhitaji kuoshwa kwa maji baridi kila mara. Ziwa letu halina chumvi hiyo, lakini lina tope, mchanga, na magugu maji yaliyoenea katika miaka ya 1990, nayo huziba matundu ya kuvutia maji yaliyo mguuni.

Oili ya giaboksi ilimwagwa kwa kufungua skrubu ya chini na ya juu. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na sili imechoka. Yetu ilitoka nyeusi tu. Oili mpya husukumwa kupitia tundu la chini hadi itokee juu. Waulize watoto kwa nini isimiminwe kutoka juu. Wachache watafikia jibu la hewa kunaswa ndani. Wengine waache walale nalo.

Ndipo, siku ya tatu, tukaleta pipa la lita 200, tukaliweka kivulini nje, tukalijaza maji. Propela ilitolewa ili isirushe maji wala kukata mkono. Mguu ukaingizwa pipani hadi matundu ya maji yakazama vizuri, gia ikawekwa katikati. Wanafunzi walisimama nyuma ya kamba tuliyoifunga kwenye miti, na kila kikundi kilikuwa kimeandika daftarini kitakachotazamwa kwanza endapo itawaka. Walikuwa wamekubaliana wote: kitundu cha maji, si mlio.

Ilivutwa mara tano bila jibu. Mara ya sita ikakohoa, ikatoa moshi mwingi wa oili tuliyoimwaga ndani ya silinda, ikawaka. Hakuna aliyepiga makofi. Watoto zaidi ya sitini walikuwa wameinama wakitazama kitundu. Uzi wa maji ulipotokea, mwembamba, kisha mnene, ndipo kelele ikatoka.

Kwa darasa kubwa kama hilo haiwezekani wote waizunguke mashine moja. Tuligawa vikundi vinne vinavyopokezana: kimoja kwenye mashine pamoja na mwalimu, kimoja kwenye plagi, kimoja kwenye chupa za mafuta ya kupikia na maji, na kimoja kikichora. Kikundi cha kuchora kisidharauliwe, maana mtoto asiyeweza kuchora njia ya maji kutoka mguuni hadi kitunduni bado hajaielewa. Kuhusu hatari, mambo haya hayana mjadala: hakuna mtoto anayenyonya petroli kwa mdomo kuihamisha, jambo ambalo wengi wameona likifanywa nyumbani, petroli haiwekwi katika chupa ya maji ya kunywa, mashine haiwashwi ndani ya chumba, kwa sababu moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na harufu. Kama huna fundi wa kusimama nawe siku ya kuwasha, ahirisha.

Utauliza, na wale watakaopangiwa Nyamuswa, au kwingine mbali na maji? Msingi wa somo ni lile swali. Pampu ya kumwagilia bustani, pikipiki mbovu ya mzazi, au injini ya mashine ya kusaga iliyosimama, yoyote kati ya hizo inaweza kulibeba. Mashine ya kwanza aliyoiuza Ole Evinrude huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, ilikuwa na nguvu ya farasi moja na nusu tu, nayo ilitaka mafuta, cheche, mgandamizo na kupozwa, kama hii ya kwetu.

Katika kupima, achana na swali la “Taja sehemu tano za mashine.” Sisi tuliuliza hivi: “Mashine inawaka, kisha inazima baada ya dakika moja. Ukibonyeza pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta, inaendelea. Utaanza kutazama wapi, na kwa nini?” Majibu yaliyotaja plagi tulijua hayajaelewa, kwa kuwa cheche haiponywi kwa kubonyeza mpira. Majibu mazuri yalifuata njia ya mafuta: mpira unaovuta hewa, au tundu la hewa la kifuniko cha tangi lililofungwa, au pampu ya mafuta ya mashine yenyewe. Jibu moja lilisema nitazame kwanza kama nina makafi mawili. Halikuwamo katika mwongozo wetu wa kusahihisha, nasi tulilipa alama zote.

Mafuta yalikatwa mashine ikiwa bado inanguruma pipani hadi ikajizima yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Ilisimamishwa wima, maji yakachuruzika yote. Wanafunzi walikata kipande cha boksi, wakaandika tarehe, kiwango cha oili, impela mpya, na maneno “USIVUTE KAMBA NJE YA MAJI”, wakakifunga kwa uzi kwenye mpini. Mwenye mashine alipokuja kuichukua, alikisoma kibandiko hicho kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaomba waandike kingine kwa ajili ya ile mashine yake ya pili.